Muhuri wa Ahabu: Vitu Vidogo Vinavyofichua Mamlaka katika Hadithi za Uhalifu

UTANGULIZI

Wanafunzi wengi wa theolojia wamesoma riwaya za upelelezi kabla ya kusoma sarufi ya Kiebrania, ingawa si wote wanaopenda kulisema jambo hilo mbele ya walimu wao. Riwaya hizo huhesabiwa kuwa burudani ya msafiri, kitu cha kusomwa ndani ya basi kati ya Mwanza na Musoma na kuachwa kitini. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba msomaji wa riwaya hizo amejifunza, pengine bila kujua, ustadi mmoja ambao mhubiri anauhitaji sana: ustadi wa kuona kitu kidogo kinachofichua nani ana mamlaka juu ya nani.

Tutaeleza kwanza maana ya kitu kidogo katika hadithi ya uhalifu. Kisha tutatazama riwaya za Kiswahili, tamthilia mbili zilizofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, na hadithi mbili za uhalifu zilizomo katika Agano la Kale. Mwishoni tutauliza jambo hili lina maana gani kwa mchungaji anayehudumu Musoma, Bunda au Butiama, mahali ambapo kila juma huletwa kwake habari za shamba la ukoo, ng'ombe walioibwa, mizani ya pamba na barua yenye muhuri.

1. KIDOKEZO NA ISHARA

Katika riwaya ya upelelezi kuna vitu vidogo vya aina mbili. Cha kwanza ni kidokezo. Hiki ni kitu kinachomsaidia mpelelezi kumtambua mtenda kosa: alama ya kiatu penye matope, kitufe kilichodondoka, saa iliyosimama. Kidokezo hujibu swali, "Nani alitenda?" Kikisha kujibu, kazi yake imekwisha.

Cha pili tukiite ishara ya mamlaka. Hiki hujibu swali jingine, "Nani aliweza kutenda bila kuulizwa?" Mtu mmoja anaingia nyumbani mwa mwenziwe bila kubisha hodi. Mwingine anaulizwa jina lake na askari, hali tajiri aliyesimama kando yake haulizwi. Mtumishi anajibu swali aliloulizwa, lakini macho yake yanamtazama bwana wake wala si mpelelezi. Mambo haya hayamfungi mtu jela. Hata hivyo msomaji mwangalifu hutambua kwayo jinsi kosa lilivyowezekana, na kwa nini majirani wote walinyamaza.

Kwa nini mamlaka ijifichue katika mambo madogo kuliko katika makubwa? Jibu lake ni kwamba mwenye nguvu huyachunga maneno yake makubwa. Huiandaa hotuba yake, hulipima tamko lake, huchagua mashahidi wake. Lakini haandai ni nani atakayemshikia mwavuli, wala hafikiri ni nani aliyesimama mlangoni kwa saa tatu akimngoja. Katika mkutano wowote wa kijiji, mgeni anayetaka kujua nani anatawala hana haja ya kusoma ajenda. Na aangalie viti: nani ameletewa kiti chenye mto, nani ameketi kwenye benchi, nani ameketi chini penye nyasi, na nani amesimama nyuma akiwa na mtoto mgongoni ingawa shamba linalozungumzwa ni lake.

Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton alilifundisha jambo hili katika hadithi mojawapo ya kitabu chake cha mwaka 1911, ambacho mpelelezi wake ni kasisi aitwaye Father Brown. Watu wanne wamewekwa kulinda nyumba, na wote wanasema kwa uaminifu kwamba hakuna mtu aliyeingia. Hata hivyo mtu ameuawa ndani, na maiti imetolewa nje. Muuaji alikuwa amevaa mavazi ya mleta barua. Walinzi walimwona, lakini hawakumhesabu kuwa ni mtu, maana mleta barua hupita kila siku wala hakuna amwangaliaye. Kidokezo hapa ni nyayo zilizoachwa kwenye theluji. Ishara ya mamlaka ni maneno ya walinzi yenyewe: wanaposema "hakuna mtu", wanatujulisha ni watu wa namna gani wasiohesabiwa katika mji wao.

Msomaji wa Injili hatalistaajabia fundisho hili. Katika ua wa kuhani mkuu aliyemtambua Petro alikuwa kijakazi. Wasioonekana wenyewe huona sana.

2. RIWAYA ZA UPELELEZI ZA KISWAHILI

Riwaya ya upelelezi katika lugha yetu ilianza kwa nguvu na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58, ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu mtulivu avutaye kiko, aambatanaye na rafiki yake Najum. Aliyeuawa ni tajiri mwenye mashamba, na mahali palipohusika na kifo chake ni mzimu, yaani mahali ambapo watu huogopa kukanyaga.

Kwa mchungaji, jambo la kuangaliwa hapa ni mahali penyewe. Mtenda kosa ajuaye kwamba watu wanapaogopa mahali fulani hahitaji kuweka mlinzi; hofu ya watu yenyewe ndiyo mlinzi wake. Bwana Msa anapoikataa habari ya kwamba mizimu ndiyo iliyoua, hapigani na dini ya mtu. Anamnyang'anya muuaji ngao yake. Katika kanda yetu ya Ziwa, ambako wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, somo hili ni zito. Hofu ikisha kutumika mara moja kuficha faida ya mtu, mwenye faida hiyo hataacha kuitumia. Kwa hiyo mchungaji akiambiwa kwamba bibi fulani ni mchawi, swali la kwanza la kiupelelezi ni hili: shamba lake linapakana na la nani?

Kiko cha Bwana Msa nacho ni ishara. Bwana Msa si askari. Hana cheo wala sare, lakini watu humjibu. Kiko, utulivu na namna yake ya kusema humpa heshima ambayo mvuvi au mkwezi asingepewa kama angeuliza maswali yaleyale. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alimleta mpelelezi wa namna nyingine, Inspekta Wingo, ambaye haki yake ya kuuliza inatoka katika jeshi la polisi. Na jina la kitabu hicho limebeba kifaa ambacho wakati ule kilikuwa mikononi mwa wachache. Mwaka 1965 mtu aliyekuwa na simu nyumbani alikwisha kujitambulisha tabaka lake kabla hajasema neno.

Baadaye akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza katika Kufa na Kupona mwaka 1974, mpelelezi atumwaye na serikali; na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ajitegemeaye. Tukiwapanga hawa wanne, tunaona swali linalostahili kuulizwa kwa kila mpelelezi: ni nani aliyempa haki ya kuingia, kuuliza na kupekua? Mmoja anaingia kwa heshima yake, wa pili kwa sheria, wa tatu kwa amri ya dola, wa nne kwa ujasiri wake. Mwandishi hatuelezi hayo kwa hotuba. Anatuonyesha jinsi mlango unavyofunguliwa.

3. TAMTHILIA MBILI KUTOKA BUTIAMA

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alipata elimu yake ya kwanza katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari. Akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Yafaa tukumbuke majira hayo. Mkuu wa nchi changa alitumia usiku wake kufasiri hadithi ya mkuu wa nchi anayeuawa na rafiki zake. Miezi michache baada ya chapa ya kwanza, Januari 1964, wanajeshi wa Tanganyika waliasi.

Tamthilia hiyo si riwaya ya upelelezi, maana wauaji wanajulikana tangu mwanzo. Hata hivyo ni hadithi ya uhalifu, nayo imejaa ishara za mamlaka. Tutaje tatu.

Ya kwanza ni vitambaa. Maafisa wawili wa umma wanaondoa mapambo yaliyowekwa juu ya sanamu za Kaizari. Baadaye tunasikia, kwa maneno machache ya kupita tu, kwamba wamenyamazishwa. Hatuambiwi walifanywa nini. Msemaji anaitaja habari hiyo kana kwamba ni jambo la kawaida, na kawaida hiyo ndiyo inayotisha. Kabla Kaizari hajavikwa taji lolote, mtu aweza kupotea kwa sababu ya kitambaa.

Ya pili ni wosia. Antoni anawachochea watu kwa kuwasomea wosia wa Kaizari, ulioahidi fedha kwa kila raia. Lakini mara baada ya ushindi, akiwa ameketi mezani na wenziwe, anaagiza wosia huohuo uletwe ili waone jinsi ya kupunguza yaliyoahidiwa. Ni jambo la mistari michache. Asiyesoma kwa makini hulipita. Aliyelisoma kwa makini hatakuwa na haja ya kuelezwa tabia ya Antoni.

Ya tatu ni nukta. Katika kikao hichohicho watu wanaandikwa kufa katika orodha. Mmoja anamtoa ndugu yake, na Antoni anamtoa mpwa wake, kwa alama ndogo tu ya kalamu. Hakuna upanga katika chumba hicho wala damu. Pana meza, karatasi na wino. Na yule anayetumwa kwenda kuuleta wosia, akisha kutoka tu, anasemwa nyuma yake kuwa ni mtu hafifu anayefaa kutumwa. Ndivyo tunavyojua kwamba hata kati ya watawala watatu wapo wawili wanaotuma na mmoja anayetumwa.

Tafsiri ya pili ni Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina lenyewe ni ishara. Pale ambapo Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja, mfasiri ametaja mabepari, tena kwa wingi, na hivyo jicho la msomaji linaelekezwa kwenye soko zima wala si kwa mdai peke yake. Katika baraza la hukumu Shailoki ameleta mizani tayari kwa kupima nyama ya mdeni wake. Anapoulizwa kama amemleta tabibu wa kuzuia damu, jibu lake ni kutafuta kama jambo hilo limeandikwa katika mkataba. Mizani ipo, tabibu hayupo.

Lakini msomaji Mkristo asiishie hapo. Shailoki anaposhindwa, inatolewa sheria moja dhidi ya wageni ambayo hakuna aliyeitaja mpaka ilipohitajika. Kumbe wakati wote yeye hakuwa raia kama wengine, na wote waliokuwamo walijua. Kisha miongoni mwa masharti ya kuachiwa uhai wake limo sharti la kuwa Mkristo. Ubatizo umefanywa sehemu ya adhabu ya mahakama. Wasomaji wengi hulipita jambo hilo kama maelezo madogo ya mwisho. Kwa mtumishi wa sakramenti ni ishara kubwa kuliko zote zilizomo katika kitabu hicho, kwa kuwa inaonyesha jinsi kitu kitakatifu kinavyoweza kuwekwa mkononi mwa mwenye nguvu kama muhuri wake.

Mkulima wa pamba wa Bunda hahitaji maelezo marefu kuhusu mizani. Anajua kwamba bei hutangazwa redioni, lakini uzito husomwa na mtu mmoja aliyesimama upande mmoja wa mizani. Nabii Amosi naye alijua.

4. SHAMBA LA NABOTHI

Sasa tuitazame sura ya 21 ya Wafalme wa Kwanza. Tuisome kama mpelelezi angeisoma, tukiacha kwa muda yale tunayoyajua tayari.

Mfalme anataka shamba la mizabibu la Nabothi ili alifanye bustani ya mboga. Hapo pana ishara ya kwanza. Mzabibu huchukua miaka kukua na kurithiwa. Mboga hupandwa na kuliwa majira yaleyale. Kwa Nabothi shamba ni urithi wa baba zake. Kwa Ahabu ni nafasi iliyo karibu na nyumba. Mtu yeyote wa Butiama aliyewahi kuona makaburi ya wazee yakiwa kando ya migomba atamwelewa Nabothi mara moja.

Ishara ya pili ni kitanda. Ahabu analala, anageuza uso wake, anakataa chakula. Hatoi amri yoyote. Lakini mfalme akinuna, nyumba nzima hutafuta dawa. Wako wakubwa ambao hawajawahi kuagiza uovu hata mara moja. Hununa tu, na wengine hufanya.

Ya tatu ni muhuri. Yezebeli anaandika barua kwa jina la Ahabu na kuzitia muhuri wake. Ahabu hayumo katika uandishi huo, na muhuri wake umo. Je, aliutoa kwa mkono wake mwenyewe? Maandiko hayasemi. Yanatuonyesha tu kwamba kifaa cha mamlaka kilikuwa mahali ambapo kingeweza kuchukuliwa bila swali.

Ya nne ni saumu. Barua inaagiza watu wafunge, na Nabothi awekwe mbele ya watu. Uhalifu unavikwa vazi la ibada. Mashahidi wanakuwa wawili, kama torati itakavyo. Hukumu ni ya kupigwa mawe nje ya mji, kwa kosa la kumtukana Mungu na mfalme. Kila hatua ya sheria imefuatwa. Mtu akiyatafuta makosa ya utaratibu katika kesi ya Nabothi hatayapata, na hilo ndilo linalopaswa kutufundisha tusiridhike na utaratibu peke yake.

Ya tano ndiyo iliyofichika kuliko zote. Barua zilikuja kwa jina la Ahabu. Nabothi alipokwisha kufa, wazee wa mji walimpelekea habari nani? Walimpelekea Yezebeli. Basi walijua. Walipoupokea muhuri wa mfalme walijua ni mkono wa nani ulioushika, wakatii kana kwamba hawajui. Neno hilo moja la anwani linawatia hatiani wazee wote wa Yezreeli.

Ya sita ni swali lisiloulizwa. Ahabu anaambiwa kwamba Nabothi amekufa. Hasemi, "Amekufaje?" Anaondoka, anashuka kwenda kulimiliki shamba. Na ukisoma mbele katika Wafalme wa Pili, sura ya 9, utakuta imetajwa damu ya Nabothi pamoja na ya wanawe. Sura ya 21 haikutaja wana. Mpelelezi hapaswi kushangaa: urithi una warithi, na shamba lisingekuwa huru kama wangaliishi.

Ndipo Eliya anapotokea. Angaliweza kumkemea mfalme kwa ibada ya Baali, kama alivyokwisha kufanya. Lakini neno alilopewa linataja mambo mawili mahususi: kuua na kumiliki. Unabii hapa ni kazi ya kuunganisha mambo ambayo wenye nguvu wameyatenga. Waliofanya uuaji walikuwa wazee wa mji, na aliyemiliki alikuwa mfalme. Eliya anayarudisha mambo hayo mawili kwa mtu mmoja.

5. BARUA YA URIA

Hadithi ya Daudi na Uria Mhiti, katika Samweli wa Pili sura ya 11, ina ishara ambayo imo katika kitenzi kimoja: kutuma. Daudi anamtuma Yoabu vitani naye anabaki Yerusalemu. Anatuma watu kuuliza habari za mwanamke. Anatuma wajumbe wamlete. Anatuma Uria aletwe kutoka vitani. Mwenye mamlaka ni yule atumaye na asiyekwenda mwenyewe. Bathsheba hutuma mara moja tu, kumpelekea habari kwamba ana mimba. Uria hamtumi mtu yeyote. Yeye hutumwa, na mwisho hubeba kwa mkono wake mwenyewe barua iliyoamuru kifo chake.

Barua hiyo inatuambia mambo mawili bila kuyatamka. Kwanza, Daudi aliamini kwamba Uria hataifungua. Uaminifu wa mtu mdogo ulitumiwa kumwua. Pili, Yoabu alipoisoma hakuuliza sababu. Baada ya hapo Yoabu ana siri ya mfalme, na wasomaji wa sura zinazofuata wataona jinsi jemadari huyo anavyozidi kuwa mgumu kutawaliwa. Mtu akimtuma mwenzake kutenda kosa, hupoteza sehemu ya mamlaka yake kwa yule aliyemtuma.

Na mwanzoni mwa sura ya 12 kitenzi kilekile kinageuka. Bwana anamtuma Natani. Yupo Atumaye ambaye mfalme naye ni mtu wa kuulizwa mbele zake.

Katika historia ya nchi yetu iko barua ya namna nyingine, inayostahili kukumbukwa. Wakati wa msako wa wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, mwaka 1976, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi yao walikufa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakuwa amemgusa mtu yeyote. Hata hivyo mwanzoni mwa mwaka 1977 alijiuzulu. Barua ya Daudi ilipeleka lawama mbali na mkono ulioiandika. Barua ya kujiuzulu iliileta lawama kwenye meza ya mwenye ofisi. Tofauti hiyo ni somo la maadili lililo wazi kuliko hotuba nyingi.

6. LUTHER NA WEZI WALIOKAA VITINI

Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akiieleza Amri ya Saba, hakuishia kwa mwizi anayevunja mlango usiku. Aliwataja wezi wakaao vitini mwao, wanaoitwa mabwana na raia wema, nao hunyang'anya kwa sura ya haki. Alisikitika kwamba wezi wadogo huadhibiwa hali wakubwa hutembea kwa heshima. Na akiieleza Amri ya Nane alianza na mahakama, mahali ambapo maskini asiye na hatia huangamizwa kwa ushahidi wa uongo.

Tuone basi kwamba Luther naye alichagua kitu kidogo, yaani kiti. Mwizi wa usiku amesimama, anakimbia, anavuja jasho. Mwizi huyu mwingine ameketi. Kuketi kwake ndiko kunakomfanya asiitwe mwizi. Katekisimo inamfundisha Mkristo aulize maswali juu ya kiti, wala si juu ya panga peke yake.

7. MATUMIZI KWA KAZI YA MCHUNGAJI

Mchungaji si askari wa upelelezi, wala haifai ajifanye hivyo. Siri za maungamo si vidokezo vya kukusanywa. Hata hivyo anaweza kujizoeza kutazama. Anapoitwa kusuluhisha ugomvi wa shamba, na aangalie nani anayeeleza habari na nani anayeelezwa habari zake akiwa yupo. Mjane akisema, "Shemeji atawaambia," hiyo ni ishara. Ng'ombe wakipatikana na kibali chenye muhuri, swali la pili baada ya kibali ni nani aliyekuwa na muhuri siku hiyo. Mtuhumiwa asipopata barua ya mtendaji wa kijiji ya kumwezesha kudhaminiwa, na aulize kama ofisi ilifungwa kwa wote au kwa huyo tu.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni kwamba tutasoma habari za Ahabu tukimtafuta Ahabu nje ya kanisa. Usharika nao una muhuri. Una daftari la sadaka, barua ya uhamisho, cheti cha ubatizo, kiti cha madhabahuni na funguo za ofisi. Mchungaji akinuna, wazee wa kanisa hutafuta dawa. Akiuliza, "Hivi yule mwinjilisti bado yupo?", huenda kwa maoni yake ameuliza tu, kwa wanaomsikia ametoa hukumu.

Tuchukue mfano mmoja ulio mzito. Si jambo geni katika sharika zetu binti aliyepata mimba kusimama mbele ya waumini ili arudishwe kundini. Maneno ya ibada hiyo ni ya neema. Lakini mpelelezi angeangalia nafasi. Binti amesimama peke yake. Mwanamume hayupo mbele, na pengine ameketi benchi la tatu, au ndiye anayekusanya sadaka. Hakuna aliyeuliza jina lake, kama vile wazee wa Yezreeli wasivyouliza. Utaratibu wote umefuatwa, saumu imetangazwa, mashahidi wapo. Mgeni ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili angetambua kwa kutazama tu nani katika nyumba hiyo ana nguvu na nani hana. Theolojia yetu ya kuhesabiwa haki kwa imani inakanushwa hapo na mpangilio wa watu, kabla mhubiri hajafungua kinywa.

HITIMISHO

Tumeona kwamba hadithi ya uhalifu iliyo njema humwonyesha msomaji nani alitenda, na zaidi ya hayo humwonyesha nani aliweza. Tumeona pia kwamba Maandiko Matakatifu yalikwisha kuifanya kazi hiyo kabla ya waandishi wa riwaya: kwa muhuri, kwa barua, kwa anwani, kwa swali lisiloulizwa. Mwanafunzi anayejiandaa kuhubiri juu ya Nabothi na aanze kwa kuorodhesha vitu vyote vidogo vilivyomo katika sura hiyo, na kando ya kila kimoja aandike nani anakishika. Akisha kumaliza, aandike orodha ya pili, ya vitu vilivyomo katika ofisi ya usharika wake, na kando ya kila kimoja aandike vivyo hivyo. Hapo ndipo atakapokuwa tayari kupanda mimbarani.